Usiibe, na kisado cha maharage

Hapa Moshi kuna wanaosema "mimi sina dini, nina Yesu", na kuna wanaojivunia kwamba bahasha zao za sadaka hazina deni na jumuiya hawajakosa. Wasikilize wote wakiomba peke yao: ada, kodi, afya, amina. Wa kwanza ameachia moyo umwongoze, nao moyo hurudi palepale unapouma. Wa pili sala amemwachia mchungaji.

Dawa ipo kwenye kitabu ambacho wengi hukifunga siku ya kipaimara, Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani cha Martin Luther, mwanzilishi wa Kanisa la Kilutheri, cha mwaka 1529. Watoto hukariri majibu ya "Maana yake nini?" ili wasikwame siku ya kuulizwa, basi. Lakini mwaka 1535 kinyozi wa Luther, Peter, alitaka kujua namna ya kuomba. Luther alimwandikia achukue amri moja kati ya zile 10 za katekisimo na kuisokota kwa nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba, ombi.

Tuseme unauza maharage soko la Mbuyuni, na leo ni amri ya saba, Usiibe. Fundisho: Mungu analinda mfuko wa mteja kama anavyolinda banda langu. Shukrani: mzigo umefika, na kufuli halikuvunjwa usiku. Toba ndiyo yenye kazi. Kisado changu, kopo la kupimia, kimebonyezwa kitako. Juu kinafurika, chini kimepanda, na mama wa watu anaondoka na pungufu. Ombi: nipate ujasiri wa kukitupa leo, kabla mteja wa kwanza hajafika. Dakika 10 zinatosha, mradi simu iwe bado haijashikwa.

Panapoharibika sana ni uzi wa tatu: mtu anaanza kutubu kwa niaba ya madalali na viongozi. Kosa jingine ni kutaka kumaliza amri zote 10 asubuhi moja. Hapo umerudi kukariri. Sala hutaka akili ikae mahali pamoja, ndiyo maana Luther alimkumbusha Peter kazi yake mwenyewe: kinyozi anayepiga soga huku wembe uko usoni mwa mtu anaweza kumkata pua.

Na moyo ukishika moto kwenye uzi wa pili, usiukimbilie wa tatu. Luther mwenyewe aliruhusu utaratibu uachwe hapo, mtu anyamaze asikilize.

Kesho yake shika ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Anzia kundi la WhatsApp la ukoo.