Usiku wa Istanbul, Ngamiani

Mwaka 2005 mtaani kwetu Ngamiani baiskeli ziliibwa mfululizo, na Tanga ukimwibia mtu baiskeli umemkata miguu. Mkutano wa mtaa ukaitishwa, wazee wakasema wezi ni hawa hawa watoto wanaokesha vibarazani, ikapita amri: aliye chini ya miaka 18 asionekane nje baada ya saa 4 usiku. Mgambo watazunguka, na atakayekamatwa mzazi wake aje mwenyewe kumtoa. Mama alirudi mkutanoni anaisifu amri mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikuwa na miaka 16, na nilichowaza ni kimoja tu: fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ni Jumatano.

Tarehe 25 Mei, Liverpool na Milan, Istanbul. Mpira unaanza saa 3:45 usiku.

Niliaga naenda kujisomea. Kibanda umiza kilikuwa cha mabati, kimejaa hadi watu wamekaa kwenye kreti za soda, jasho la jirani linakuwa lako. Mimi Liverpool. Kufika mapumziko tumeshachapwa tatu bila. Rafiki yangu, tuliyekuwa tukimwita Masharubu kwa sababu zilizokuwa wazi usoni mwake tangu darasa la saba, akasema twende zetu, hawa wamekwisha. Nikatazama saa ya ukutani: saa 4 na nusu. Amri tumeshaivunja. Kurudi nyumbani umefungwa tatu, halafu na njiani ukamatwe, si hasara juu ya hasara? Tukabaki. Yaliyofuata kila mpenda mpira anayajua: mabao matatu ndani ya dakika sita, muda wa nyongeza, penalti, Dudek, kipa wetu, akaupangua wa Shevchenko wa Milan. Benchi letu lilivunjika mguu na mwenye kibanda hakuuliza nani kalivunja.

Tulitoka saa 6 na nusu imepita, sauti zimetukauka. Kona ya pili tu, tochi usoni.

"Simama hapo! Una miaka mingapi?"

Ndilo swali pekee aliloniuliza. Hakuuliza natoka wapi wala mtoto wa nani, jambo ambalo mtu mzima yeyote wa Ngamiani angeanza nalo. Nikasema 16, kwa uzembe wa furaha. Masharubu, tuliyezaliwa naye mwezi mmoja, akasema 20. Tochi ikapanda, ikamulika mdomo wake wa juu, ikashuka. Akaruhusiwa kwenda. Cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho mfukoni? Changu mimi nilikuja kukitafuta nilipoomba mkopo wa chuo.

Ofisini kwa mtendaji nilimkuta muuza kahawa amekaa chini, dele lake pembeni, makaa bado mekundu. Kijana mfupi, mwembamba. Alisema ana miaka 19, akarudia, na kila akirudia wale mgambo walicheka zaidi. Kahawa ni biashara ya usiku, inafuata wanaocheza bao na waliokaa barazani. Ukimwambia muuza kahawa arudi nyumbani saa 4 umemwambia asiuze. Hilo nililiona pale pale, na sikusema neno. Mgambo mmoja akachukua kikombe, akajimiminia. Wa pili naye. Wakaongeza, wakamaliza na kashata. Hakuna aliyetoa hata shilingi. Kijana akaendelea kuangalia makaa yake yakigeuka majivu.

Siku hizi nina binti anayeingia miaka 13, na nimewahi kusoma kuhusu Aisilandi, wenye sheria ya namna hii nchi nzima. Wa miaka 12 kurudi chini mwisho saa 2 usiku, wa 13 hadi 16 saa 4, na kuanzia Mei Mosi hadi Septemba Mosi wanaongezewa saa mbili maana kule jua la kiangazi halitaki kuzama. Ila aliyefuatana na mtu mzima haguswi, na yule wa 13 hadi 16 akiwa anarudi kutoka shughuli ya shule, michezo au kituo cha vijana anaachwa apite. Maana yake lazima kwanza mtu amuulize anatoka wapi. Sisi kituo chetu cha vijana kilikuwa kile kibanda cha mabati. Mimi na mama yake binti tumempangia saa 1 na nusu, na tunajua yuko kwa nani. Kama serikali itataka kunisaidia saa, sawa, lakini isimtume yule wa tochi.

Baba alikuja baada ya swala ya alfajiri, na baiskeli yake. Akasaini daftari bila kunitazama. Kisha akamtazama kijana, akaomba kahawa. Ilikuwa imepoa kabisa, machicha yamezama chini. Akainywa yote, amesimama, akalipa noti na kusema chenji abaki nayo.

"Wa kwenu anakuja?" akamuuliza.

"Bibi hatembei, mzee."

Baba alirudi ndani, nikasikia sauti zikipanda. Hakunisimulia kamwe kilichosemwa kule, ila kijana akatolewa nasi kwa pamoja. Nilipanda kwenye keria. Tulipokuwa tunakata kona niligeuka: alikuwa amechutama mtaroni, anasuuza vikombe kwenye kindoo chake na kuvihesabu. Akavimwaga chini, akaanza kuvihesabu upya.