Spika za mzee zimerudi kazini

Hizi spika mzee alikuja nazo kutoka Jeddah miaka ya themanini, mbili, za Kijapani, kasha la mbao zito kwelikweli, wufa ya inchi 8, ile ya besi, na twita ndogo juu yake, ile ya sauti nyembamba. Kwa muda mrefu sana zimekua meza tu. Mamangu aliziwekea kitambaa na maua ya plastiki habari yao ikaisha, manake ukiziwasha zilikua zinakwaruza mpaka jirani anauliza kulikoni. Na kila mtu pale nyumbani rai yake ni moja, tupa, nunua sabufa ya bluetooth, Digo Road hapa Mombasa si zimejaa.

Mimi sabufa sizipendi, nasema wazi. Kwa matatu sawa, ndo kazi yake, lakini nyumba kama yetu ya Kibokoni, kuta nene za mawe na dari ya boriti, ile besi inazunguka tu chumbani haina pa kutokea na udi wenyewe wa taarab huusikii.

Basi nikatoa ile nyavu ya mbele nikagusa ule mviringo wa sponji unaoshika koni, ile karatasi inayotikisika, kwenye fremu, wote ukamomonyoka, vidole vimejaa unga mweusi unaonata. Kumbe ugonjwa wenyewe ndo huo! Ile sponji ni polyurethane, na adui yake ni unyevu, na sisi huku pwani unyevu hatununui, spika hata ikae bila kupigwa inaoza tu. Sasa sponji ikienda koni haina kinachoiweka katikati, inayumba, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inasugua sumaku, ndo ule mkwaruzo. Koni yenyewe nzima, sumaku nzima.

Nikampelekea fundi mmoja Mwembe Tayari, mzee ambaye kazi yake kubwa ni spika za matatu. Nikamuuliza, ami, hizi zapona? Hakunijibu. Alichukua betri ya rimoti, ile ya volti 1.5, akagusisha waya mbili nyuma ya wufa, koni ikaruka mbele, tak. "Koili i hai hii mwanangu, wataka kutupa nini?" Akaweka mita ya kupima ukinzani wa umeme ikasoma ohm 6 na kitu, na nyuma pameandikwa 8, mi nikajua imeshaungua hii. Akacheka. Ati mita inapima ule waya wa koili peke yake, hiyo 8 ni ya muziki unapopita, kwa hivo 6 na kitu ndo inavotakiwa, ungeogopa ingekaa sifuri au isisome kabisa.

Tulibishana kwenye mviringo mpya. Yeye ataka mpira, kwa sababu mpira hauozi haraka na hali yetu hii, na kusema kweli ana haki. Lakini mpira ni mzito zaidi na mgumu, na hii wufa ilitengenezwa na sponji, ukiibadilisha inakua spika nyingine. Nikasema sponji, ikioza tena mbele huko tutabadilisha tena. Ami akanuna kidogo halafu akasema haya, spika ni zako.

Kazi inayochosha ni kukwangua gundi ya zamani, kuunganisha si kitu. Kwangua polepole, spiriti, kitambaa, tena polepole, koni ni karatasi ile ukikasirika unaitoboa. Kisha kile kifuniko cha katikati unakikata na wembe, unachomeka vipande vya plastiki nyembamba kuzunguka koili ikae sawa isiguse popote, ndo unapaka gundi, unaacha ilale usiku kucha. Na supaglu weka mbali, inashika kabla hujaweka sawa.

Nyumbani nikazitoa ukutani kidogo, twita ziwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, nikatia kanda ya taarab iliyorekodiwa harusini zamani, ya yule yule mzee aliyeleta spika. Wallahi nilikua nadhani naijua ile kanda. Nasikia uzi wa udi unavoguswa kabla sauti haijatoka, nasikia ngoma ya dumbak iko upande gani, na nyuma kule watu wanaongea, kuna mtu anaitisha kahawa, kuna mwanamke anapiga vigelegele. Mamangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema huyo ni fulani. Shangazi akapigiwa simu akakataa, ati fulani mwaka huo alikua Lamu, na hawajasikizana mpaka leo, kila mmoja anataka kanda ipigwe tena apate ushahidi.

Maua ya plastiki tumeafikiana yahamie juu ya friji. Kilichobaki ni kapasita za ndani zinazopeleka sauti nyembamba kwenye twita, zile zinakauka na umri na twita ya kushoto naisikia iko chini kuliko mwenzake, kwa hivo Jumamosi nairudisha kwa ami, na najua kitu cha kwanza atakachotaja ni ule mpira wake.