Vilula viwili baharini: nilivyoirudisha ramani yetu ya maji mahali pake

Nianze na mzee wetu fundi bomba, maana bila yeye ramani ile ingechapishwa na makosa yake yote. Nilikuwa nimefungua QGIS, programu ya kutengenezea ramani, kwenye laptopu, ramani huria ya OpenStreetMap ikiwa chini na vilula vyetu, yaani vituo vya kuchotea maji, juu yake kama nukta za bluu, nikamwita aone kazi. Akavaa miwani, akainama, akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwanangu, hiki si kile cha nyuma ya msikiti? Nimekijenga kwa mikono yangu. Mbona umekiweka baharini?"

Nikatazama vizuri. Vilula viwili vilikuwa majini kabisa. Vingine vilikuwa nchi kavu, lakini nilipoanza kuvifuata kimoja kimoja nikakuta hakuna hata kimoja kilichokaa mahali pake.

Mradi wetu uko pembeni ya mji wa Bagamoyo, na ramani tuliihitaji kwa swali moja: nyumba zipi ziko zaidi ya mita 400 kutoka kwenye kilula? Mita 400 ndicho kipimo cha Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002, pamoja na kile cha watu 250 kwa kila kituo. Sasa ukiwa na duara la mita 400, halafu kilula chenyewe umekikosea kwa mita 300, kuna kaya zitaandikwa kwamba zina maji wakati akina mama wa huko bado wanabeba ndoo toka mbali. Ndiyo maana sikukubali kuambiwa "iache tu, inakaribia".

Chanzo chake kilikuwa kidogo mno. Data za vilula na mabomba nilitumiwa kwa WhatsApp kama shepufaili. Shepufaili ina jina la faili moja, lakini ni mafaili kadhaa yanayotembea pamoja: .shp lina maumbo, .shx ni faharasa yake, .dbf lina jedwali, na .prj linasema namba zile zimepimwa kwa mfumo gani. Aliyenitumia aliona .prj lina kilobaiti moja tu, akadhani halina kitu, akaliacha. QGIS ikafungua leya, yaani tabaka moja la ramani, na kuweka alama ya kuuliza pembeni yake, kwa kuwa haikujua iko wapi duniani. Nikauliza kwa kijana mmoja anayefanya kazi za ramani, akanijibu bila kusita: "Weka 32737, pwani yote ya Tanzania ni hiyo." Namba hiyo ni kitambulisho cha mfumo mmoja wa vipimo vya ramani. Nikaweka, nukta zikaangukia Bagamoyo, nikaridhika.

Baada ya mzee kuniamsha nikarudi kuuliza. Ushauri wa pili ulikuwa nibadilishe mfumo wa mradi mzima. Nikabadilisha mara nne. Ramani ilijipinda kidogo kwenye kioo, lakini vilula vikabaki majini, kwa sababu mpangilio ule unaamua namna ya kuonyesha tu. Haugusi data. Ushauri wa tatu ndio ulionipotezea usiku: "Wewe vihamishe kwa mkono."

Nikavihamisha. Nikawasha uhariri, nikachagua nukta zote, nikazivuta taratibu mpaka kile cha msikiti kikakaa nyuma ya msikiti. Kilipendeza. Nikahifadhi juu ya faili lile lile. Kisha nikaleta leya ya mabomba, nayo ikawa imekaa kando, nikaivuta pia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika: nikiyaweka sawa mabomba kwenye barabara, hayaviungi vilula; nikiyaunganisha na vilula, yanapita katikati ya nyumba za watu. Valvu nazo zilikuwa leya ya tatu. Kila leya nilikuwa nimeivuta kwa jicho, na jicho lilikosea mita kumi huku, ishirini kule. Saa saba usiku nikafuta zote na kupakua upya zile za WhatsApp. Nashukuru sikuwa nimefuta ujumbe. Tangu siku hiyo faili la asili nalinakili kwenye folda yake na siligusi tena.

Asubuhi nikaamua kuacha kuuliza watu, nikaviulize vilula vyenyewe. Nikachukua boda kutwa, na simu yenye programu ya GPS inayotoa koordineti kwa mita za UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita za mashariki na za kaskazini. Nilichagua vilula vitatu vilivyoachana sana: kile cha msikitini, ufuoni, kimoja kwenye njia panda, kimoja huko mashambani. Kila penye kilula nilisimama dakika tano mpaka usahihi ukashuka hadi mita nne, nikaandika kwenye daftari namba za simu na, kando yake, namba za kilula hicho hicho kutoka kwenye faili. Cha msikitini, faili lilisema mashariki 488,912 na kaskazini 9,288,640. Simu ikasema 489,007 na 9,288,339. Tofauti: mita 95 na mita 301. Njia panda nikapata 98 na 304. Mashambani, 93 na 299.

Nilikaa chini pale pale mashambani. Kosa la mpimaji lingetofautiana kila mahali. Hili lilikuwa lile lile kilomita zote zile: faili linasogeza kila kitu karibu mita 300 kaskazini na mita tisini na kitu magharibi. Maana yake namba zenyewe ni nzuri, ila zimezaliwa kwenye mfumo mwingine.

Jibu lilikuwa kabatini ofisini. Michoro ya mabomba ilichorwa juu ya ramani za zamani za 1:50,000, na ukisoma maandishi madogo ya pembeni mwa karatasi utakuta umbo la dunia lililotumika ni Clarke 1880 na datumu, yaani msingi ambao vipimo vyote vinaanzia, ni Arc 1960. Simu inatumia WGS 84. Zote mbili zinaandika UTM kanda ya 37 kusini, zote zina tarakimu sita za mashariki na saba za kaskazini, kwa hiyo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini Arc 1960 ni 21037 na WGS 84 ni 32737, na kati yake kuna hizo mita 300.

Nikaifuta lebo ya 32737 kwenye leya zote tatu, nikaweka 21037. QGIS ikaniletea orodha ya njia za kugeuza datumu, nyingine za Kenya, nyingine za Tanzania, nyingine za nchi zote mbili pamoja; nikachukua ya Tanzania. Vilula vikatoka majini vyenyewe. Mabomba yakavifikia, valvu zikakaa juu ya mabomba, bila mimi kuvuta kitu. Nikalinganisha na daftari: zilibaki mita nne, tano, ambazo ni za simu.

Watu wengi wanachanganya kubadili lebo na kubadili data. Gunia lina pishi kumi za mchele. Ukibandika karatasi ya "vibaba kumi" mchele haujapungua, ila kila atakayepima kwa karatasi yako atadanganyika. Kwanza lebo iwe ya kweli. Ukitaka kugeuza namba zenyewe, kuna kifaa kingine kabisa, Reproject Layer, kinachotengeneza leya mpya. Nilikitumia mwisho, kwenda 32737, ili vilula vipya vilivyopimwa kwa simu viingie humo humo.

Hivyo vipya navyo vilikuja na lake. Msichana aliyevikusanya aliweka latitudo kwenye safu ya X, na Bagamoyo ikahamia Hispania, jirani na mji wa Mérida, maana 6.4 kusini na 38.9 mashariki ukizigeuza unatua huko. Kosa la aina hiyo halinitishi. Linaonekana mara moja, unabadilisha safu unamaliza. La mita 300 ndilo linalopita hadi kwenye ramani iliyochapishwa.

Kuhifadhi nilihifadhi kwa GeoPackage, faili moja lenye leya zote na mfumo wake ndani, hakuna cha kuachwa nyuma WhatsApp. Na majina ya safu yamepona: shepufaili hukata jina kwenye herufi kumi, kwa hiyo Jina_la_kijiji na Jina_la_kitongoji zilikuwa zimekuwa Jina_la_ki na Jina_la__1, na hakuna aliyejua ipi ni ipi.

Maduara ya mita 400 nikayachora kwenye leya ya UTM, siyo ya digrii, kwa sababu huko ukiandika 400 programu inaelewa digrii 400. Nyumba za kaskazini, kule kwenye minazi, ambazo ramani ya kwanza iliziweka ndani, zote zikatoka nje ya duara. Mama mwenyekiti akazisoma moja moja kwa majina ya wenyewe, akachukua kalamu nyekundu na kuweka alama kwenye karatasi pale kilula kijacho kitakapojengwa. Mzee fundi bomba akasogeza alama ile kidogo kwa kidole, upande wa bomba kuu.

"Hapa, mama. Hapa maji yatapanda."