Biostati kwenye simu: acheni kurekodi lekcha, andikeni maswali

Kila nikiitwa kusaidia kuweka kozi ya biostati (takwimu za afya) na epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyosambaa kwa watu) mtandaoni, cha kwanza kuulizwa ni kamera. Tununue kamera gani, turekodie wapi, prof akae au asimame. Hakuna anayeuliza mwanafunzi atafanya nini. Sasa mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tatu katoka wodini saa moja jioni, kesho ana raundi na anajua kabisa atabanwa maswali ya figo, halafu wewe umemwekea video ya saa zima mtu anasoma slaidi za chi-skweya. Haangalii huyo. Ataisukuma spidi mara mbili, bando linakata katikati, usiku wa kuamkia mtihani anasaka pidiefu ya maswali ya zamani kwenye grupu la WhatsApp. Mimi simlaumu hata kidogo.

Kama maelezo ya mdomo ni lazima basi wekeni sauti tu na picha mbili tatu. Sauti ya mtu anaongea, ukiibana mpaka kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima ni kama MB 14 hivi, anaidownload mara moja anasikiliza kwenye daladala. Basi, hayo ya video yaishie hapo.

Mimi naanza na swali, tena kabla sijafundisha chochote. Ninalolipenda kuliko yote ni hili: kipimo cha haraka kina sensitiviti asilimia 99 (wenye maambukizi 99 kati ya 100 kinawasoma positivu) na spesifisiti asilimia 99 (wasio nayo 99 kati ya 100 kinawasoma negativu), unapima watu ambao mmoja kati ya 100 ndio ana maambukizi kweli, dada mmoja kapima kimesoma positivu, je uwezekano kwamba kweli anayo ni asilimia ngapi? Machaguo ni 99, 98, 50 na 1. Wengi wanakimbilia 99, na usidhani ni wanafunzi peke yao, kuna mabingwa wenye vitambi vyao wanakimbilia hukohuko.

Jasho lote liko kwenye kuandika majibu ya anayekosea. Mtu akibonyeza 99 usimwekee "si sahihi, jaribu tena", hiyo ni kumfukuza. Mwandikie hivi: hiyo 99 inahusu watu ambao tayari wana maambukizi, wakipimwa wangapi watasoma positivu, lakini huyu dada hujui kama anayo na ndicho unachotafuta, hebu chukua watu 10,000 uwagawe. Halafu mpe viboksi vinne vitupu ajaze mwenyewe. Wenye maambukizi ni 100, kipimo kinawakamata 99. Wasio nayo ni 9,900, asilimia moja yao kinawasingizia, ambao ni 99. Yaani 99 wa kweli na 99 wa kusingiziwa, nusu kwa nusu! Aliyebonyeza 1 ana jibu lake tofauti kabisa, maana huyo kabaki na hali ya kabla ya kupima, kipimo hakukitumia. Skrini inayofuata badilisha kitu kimoja tu, wenye maambukizi sasa ni 10 kati ya 100, na positivu ileile inapanda mpaka karibu asilimia 92 wakati kipimo ni kilekile hakijaguswa.

Kuhesabu vichwa badala ya asilimia sijabuni mimi, wanasaikolojia Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage walishaonyesha mwaka 1995 kwamba watu wanaopotea kwenye fomula ya Bayes (ile ya kukokotoa uwezekano kama huu wa dada yetu) wengi wanafika wenyewe ukiwapa idadi ya watu. Na baada ya hapo mwanafunzi ndio anaelewa kwa nini 2019 WHO ilihimiza nchi zote zihamie kwenye vipimo vitatu mfululizo vya positivu kabla ya kumwambia mtu ana VVU: kadiri watu wengi wanavyoshajulikana na kuanza dawa, wenye maambukizi wanazidi kuwa wachache kati ya wanaokuja kupima, na positivu moja inazidi kupungua uzito. Hiyo ni kazi atakayoifanya kliniki, si hesabu ya mtihani.

Kwa upande wa epidemiolojia natumia London ya 1854, kipindupindu. Kila mtu anasimuliwa ile pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street ambayo daktari John Snow aliibaini kuwa chanzo cha ugonjwa, sawa, ila mimi nawapa jedwali la kampuni mbili za maji bila stori yoyote. Nyumba za Southwark and Vauxhall, vifo 1,263. Nyumba za Lambeth, vifo 98. Nauliza, maji ya nani mabaya? Wanajibu fasta. Swali la pili, ungehitaji namba gani nyingine kabla hujamshtaki mtu? Hapo kimya, mpaka mmoja aandike idadi ya nyumba, ndio jedwali linafunguka: 40,046 na 26,107, kwa hiyo vifo 315 dhidi ya 37 kwa kila nyumba 10,000, zaidi ya mara nane. Baadaye sana ndio nawaambia Lambeth walishahamisha sehemu ya kuchotea mwaka 1852 wakapanda juu ya mto kuliko maji taka ya jiji, na kwamba mtaa mmoja ungekuta nyumba hii ya kampuni hii na jirani yake ya ile. Snow huyohuyo alishaifanya kazi hiyo ya kulinganisha kampuni, kwa nini nimwachie mwanafunzi akariri jina la pampu tu.

Kukopiana kupo, tusidanganyane. Moodle, ule mfumo wa kuwekea kozi mtandaoni, ina aina ya swali ambalo kila mtu anapewa namba zake, basi grupuni hawawezi kurushiana jibu, wanabaki kurushiana njia ya kukokotoa, ambayo ndiyo nilikuwa naitaka tangu mwanzo.

Programu za kukokotoa takwimu nazo msiwasumbue. SPSS ni ya kulipia na haiingii kwenye simu, wakati OpenEpi inafunguka kwenye brauza na ni ya bure, kwa mwaka wa tatu inatosha kabisa. R, programu nyingine ya takwimu, itakuja wakati wa utafiti wao.

Moduli ninayoijenga sasa ni ya utafiti wa Waingereza Doll na Hill, 1950, sigara na kansa ya mapafu. Wanaume 649 wenye kansa, wasiovuta ni 2. Wanaume 649 wa kulinganisha, wasio na kansa hiyo, wasiovuta ni 27. Nimekwama kwenye chaguo la tatu, nataka jibu la makosa ambalo mwanafunzi mwenye akili timamu angelibonyeza, maana nililonalo hata mdogo wangu wa form four atalikwepa. Mwenye wazo aniandikie hapo chini.