Grafu huharibika kabla ya nukta ya kwanza

Jioni hii niko na mlinganyo mmoja tu, y = x² − 2x − 3, na swali linalonirudia: kwa nini mtu anayejua hesabu zake zote bado hutoa grafu mbovu? Mara nyingi kosa linakuwa limeshafanyika kabla penseli haijagusa nukta ya kwanza. Liko kwenye skeli, yaani kiasi ambacho kila sentimita ya karatasi inasimama badala yake.

Chukua karatasi ya grafu yenye miraba midogo ya milimita 2. Miraba 10 inafanya sentimita 2. Sentimita 2 zikisimama badala ya 1, kila mraba ni 0.1, zikisimama badala ya 2, ni 0.2, badala ya 5, ni 0.5. Zote hizo zinasomeka. Balaa ni 3. Hapo kila mraba ni 0.3, na namba 5 inaangukia mraba wa 16 na theluthi mbili. Theluthi hiyo utaipima kwa jicho gani? Wengi huchagua 3 ili mchoro ujae karatasi. Heri pembeni pabaki peupe.

Jedwali kwanza, mihimili baadaye. Kwa x kuanzia −2 hadi 4, y inatoka 5, 0, −3, −4, −3, 0, 5. Kwa sentimita 2 kila kizio, tunahitaji upana wa sentimita 12 na urefu wa 18. Upana huo hauko sawa kushoto na kulia: kushoto kwa sifuri ni sentimita 4, kulia ni 8. Anayechora msalaba wa mihimili katikati kwa mazoea, kwenye karatasi ndogo ataikosa nafasi ya x = 4. Namba nazo huandikwa mkabala na mistari, si katikati ya miraba.

Penye hasi na desimali ndipo hata wazoefu huteleza. Ukitafuta −1.3, unaanzia −1 na kuhesabu miraba 3 kwenda kushoto. Mkono uliozoea upande wa chanya huenda kulia, na nukta inakaa kwenye −0.7.

Halafu kuna mpangilio: x kwanza, y baadaye. Kwenye ramani mambo hugeuka, kwa kuwa latitudo, inayopanda na kushuka kama y, ndiyo hutajwa kwanza. Dar es Salaam iko karibu na −6.8, 39.28. Pachika namba hizo kinyume na jiji linahamia magharibi mwa Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Faili za GeoJSON, aina ya faili za data za ramani, zenyewe huanza na longitudo, basi anayenakili namba kutoka Google Maps bila kuzigeuza asishangae.

Turudi kwenye karatasi. Weka alama ya msalaba mdogo kwa penseli iliyochongwa vizuri. Kitone kinene kinaweza kumeza mraba mzima, yaani 0.1 ya skeli yetu, na kitone chembamba hupotea mkunjo ukipita juu yake.

Ninachokipenda kwenye grafu ni kwamba humuumbua mwenye kosa. Kwa x = −2, andika −2² kwenye kikokotoo bila mabano, mara nyingi utapewa −4 badala ya 4. Y inakuwa −3 badala ya 5. Jedwali litanyamaza kimya, lakini nukta ya (−2, −3) itakaa chini peke yake wakati mwenzake wa upande wa pili, (4, 5), yuko juu. Pande mbili za x = 1, mstari unaoupasua mkunjo huu katikati, lazima zilingane. Nukta ikikataa kulingana, rudia hesabu yake, usiupinde mkunjo uifuate.

Kuunganisha nukta kwa rula ndilo kosa linalonikera zaidi, hasa chini pale. Rula kutoka (0, −3) hadi (1, −4) inapita −3.5 kwenye x = 0.5, ilhali thamani halisi ni −3.75. Tofauti ni milimita 5, miraba miwili na nusu. Hiyo inaonekana hata ukiwa mbali. Ongeza nukta mbili, x = 0.5 na x = 1.5, zote zikiwa na y ya −3.75, na ncha iliyokuwa kali kama V itajiviringa yenyewe. Chora mkunjo kwa mkono, ukiigeuza karatasi ili kiwiko kikae upande wa ndani wa mkunjo.