Shairi halitaki kimya cha maktaba

Ukikaa kutunga tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, tafuta mahali unapoweza kughani kwa sauti bila mtu kukuuliza una nini: uani alfajiri, au chumbani mlango umerudishiwa. Kelele za watoto zinavumilika. Redio ya jirani ndiyo adui. Wimbo una mapigo yake, yakishakuingia kichwani kipande (nusu ya mstari) cha mizani 8, yaani silabi 8, kinatoka na 7 au 9, nawe husikii.

Simu weka mbali, hesabia vidole. "Mtoto" ni mizani 3, m-to-to, lakini "mbuzi" ni 2 tu, mbu-zi. Hapo wengi huteleza.

Na hamu isipokuja? Acha ubeti wa kwanza, andika pembeni maneno yenye kina unachokitaka, yaani silabi ya mwisho inayofanana. Mtiririko (shairi lenye vina vilevile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho) wa beti 5 unadai kina cha mwisho mara 15 kwenye mistari 3 ya juu, kibwagizo, yaani mstari wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, mbali. Kwa -ni utashiba: sokoni, jirani, njooni (rahisi hadi inachosha). Kwa -dhu, baada ya udhu utaanza kukuna kichwa. Ukikwama katikati, inuka, kanywe maji, kisha ghani tena tangu mstari wa kwanza.