Unapiga kila kitu

Nimelala nalo, nimeamka nalo, na bado halijanitoka. "Siku hizi unapiga kila kitu, mwanangu." Basi, ndilo neno lenyewe, Mzee aliloniambia mimi mpiga klarineti.

Mzee wa fagoti, kile chombo kirefu cha kupuliza chenye sauti nzito, mnamfahamu, nimeshamwandika hapa mara nyingi. Ndiye aliyenipokea nilipoingia okestra, enzi ambazo solo ya mistari miwili ilitosha kuninyima usingizi. Alhamisi, baada ya mazoezi, alinikuta nyuma ya jukwaa nimeinama, natoa maji yaliyojaa kwenye tundu la klarineti. Wanaopiga wanaijua kazi hiyo: unachukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, unaiingiza chini ya kifuniko, unabonyeza, unasubiri inyonye unyevu, unageuza upande mkavu, unarudia. Kwenye stendi palikuwa na nota zimelaliana, koncheto ya Mozart, klarineti mbele ya okestra, na ile Sequenza ya Berio ya mwaka 1980, muziki wa kisasa wa klarineti peke yake. Akaziangalia. Akasema neno lake. Nikajibu, "Ndiyo, Mzee." Akatikisa kichwa, akabeba fagoti yake, akaenda zake.

Wiki hii mkataba wa kurekodi umesainiwa na dada amejifungua salama mtoto wa kike, Mungu ashukuriwe. Lakini mimi nimebaki palepale nyuma ya jukwaa, na karatasi mkononi.

Angelisema kijana, ningelichukua kama sifa na kulala. Mzee amekaa kwenye kiti kilekile cha okestra maisha yake yote ya kazi, kwa hiyo anaposema "kila kitu" mimi nasikia "hakuna hata kimoja". Nasikia mtu asiye na kwao. Nimeligeuza kila upande: alikazia "siku hizi", au alikazia "kila kitu"? Sauti ilishuka mwishoni au ilipanda? Na kile kichwa alichotikisa, alikuwa anakubali au anasikitika? Mume wangu ameniomba niliache. Leo asubuhi ameniomba tena, nami nikamuuliza tena, "Lakini wewe ungelisikiaje?"

Usiku nilikuwa nampa majibu yote ambayo sikumpa. Nikamweleza habari za Anton Stadler, ambaye Mozart alimwandikia koncheto ile mwaka 1791. Leo tunaiita muziki wa kale, tunaivalia nguo nyeusi. Wakati ule klarineti ya Stadler ilikuwa kitu kipya kabisa, imerefushwa ili ifike noti za chini ambazo za wenzake hazikuzifikia. Koncheto ilipochapishwa mwaka 1801, noti hizo zilikuwa zimepandishwa ili klarineti ya kawaida iziweze, na mswada wa mkono wa Mozart umepotea. Kisha ipo opera ya La clemenza di Tito, ya mwaka uleule: Stadler alipiga klarineti yake hiyo katika wimbo mmoja, na baset-honi, ndugu ya klarineti mwenye sauti ya chini zaidi, katika mwingine. Opera moja, vyombo viwili. Nani alimwambia hana kwao?

Nikaendelea. Eric Dolphy, mwanajazi wa sakfoni, fluti na klarineti ya besi, mwaka 1962 alisimama kwenye tamasha la Ojai, Marekani, akapiga Density 21.5 ya mtunzi Varèse, kipande cha kisasa cha fluti peke yake. Benny Goodman, mpiga klarineti wa jazi, alimwagiza mtunzi Copland koncheto mwaka 1947, na miaka miwili baadaye, jina lake likiwa limeshaenea kote, akaenda kwa mpiga klarineti Reginald Kell kujifunza upya namna ya kuweka midomo. Hilo la Goodman ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa sababu najua midomo ni nini katika kazi hii. Kuibadilisha ukubwani ni kukubali kusikika kama mwanafunzi mpaka misuli ikubali.

Maana si nota tu zinazobadilika. Kipande cha Berio kina mahali unapotakiwa kutoa sauti mbili kwa pumzi moja: unapanga vidole kwa namna isiyo ya kawaida, unalegeza mdomo wa chini, unatafuta mahali pa ulimi, unasubiri. Ukilazimisha, moja inaimeza nyingine. Na mtunzi Messiaen je? Kile kipande chake cha klarineti pekee, Abîme des oiseaux, kimo ndani ya kwarteti, muziki wa wapigaji wanne, iliyopigwa mara ya kwanza Januari 1941 katika kambi ya wafungwa wa vita kule Görlitz, Henri Akoka akiwa kwenye klarineti. Kina noti ndefu inayoanza kwenye kimya kitupu na kukua hadi inajaa ukumbi. Hakuna piano ya kukufichia. Ukiwa na haraka mwanzoni, mwishoni hubaki na cha kutoa. Pembe za midomo zinawaka, na noti bado inadai. Vitu hivi havichukuliwi juujuu. Kila kimoja nimekichagua, na kila kimoja kinanidai mwili wake.

Hasira ilikuwa hapo hadi Jumamosi asubuhi. Nikapiga Berio, zile sauti mbili mbili, nikazirudia mpaka koo likafunguka. Kisha bila kupumzika nikaingia kwenye Adagio ya Mozart, sehemu ya polepole ya koncheto ile. Kuna pale wimbo wa mwanzo unaporudi, na wengi wetu tunaupiga kwa sauti ndogo iwezekanavyo. Pale pamenisumbua miaka. Hewa huwa inasikika kabla ya noti, mkwaruzo mdogo tu, lakini mimi nausikia. Jumamosi haukuwepo. Noti ilikuja yenyewe, safi, na mpingo wote ukatetemeka kwenye vidole. Nikarudia nikidhani ni bahati. Ikaja tena! Koo lilikuwa bado limekaa vile Berio alivyoliacha. Machozi yakanilengalenga, nikacheka peke yangu chumbani.

Hamu ya kumjibu Mzee ikaisha, nikabaki na hamu ya kumsikilizisha. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hasira ilikuwa imelifunika: kabla ya kusema neno lake, aliinua nota za Mozart kwa kidole, akausoma ukurasa wa Berio uliokuwa chini yake, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Wiki ijayo nitamwomba anipe nusu saa. Nitaanza na Berio, nisipumzike, niingie Adagio, naye aniambie kama anausikia ule mkwaruzo.

Mdogo wangu hapokei simu tangu juzi. Ujumbe umefika, haujasomwa. Mama anasema nisimsumbue, yuko kwenye mitihani. Mitihani iliisha wiki iliyopita, na Mama hajui.